Mkopo wa Barabara na Butura ya Kahawa

(Maneno aliyoyasema karani mmoja mbele ya wazee, walimu na wakulima waliokusanyika Nyabiyonza, Karagwe.)

Nimeombwa niseme habari za fedha ambazo Serikali hukopa katika nchi za kigeni kwa ajili ya kujenga barabara kuu. Mimi si bingwa wa mambo ya fedha; kazi yangu ni kalamu na mizani, na elimu yangu ni ile ya shule ya misheni kama wengi wenu. Walakini mtu apimaye kahawa ya watu kila msimu hawezi kukosa kujua deni ni kitu gani, maana hulitazama usoni kila gunia linapowekwa juu ya mizani.

Shauri hili lilianzia ghalani. Siku moja wakulima wawili waliokuwa wakingoja zamu yao walishindana kwa maneno. Mmoja alisema kwamba barabara ya lami itokayo Kyaka kuja Bugene ni zawadi ya Wachina, kwa kuwa yeye mwenyewe aliwaona Wachina wakiijenga. Wa pili akamjibu kwamba duniani hakuna zawadi, hilo ni deni, na siku tutakaposhindwa kulipa watakuja kuchukua mibuni yetu kama wafanyavyo wenye butura. Watu wakawazunguka, wengine wakacheka, wengine wakaingia upande huu au upande ule, hata kazi ya kupima ikasimama. Nami nilipozipekua habari hizi baadaye niliona kwamba wote wawili walikosea, ingawa kila mmoja alishika kipande cha kweli mkononi mwake.

Tuanzie Kyaka, maana ndiko njia zinakokutana. Wazee mnalikumbuka daraja la Kagera la hapo, jinsi lilivyovunjwa na askari wa Idi Amin mwaka 1978. Mtu akisimama Kyaka leo huona barabara mbili za lami. Ya kwanza ni ile itokayo mpakani Mutukula, ikapita Kyaka na Bukoba hata Muhutwe, mwendo wa kilomita 112. Hiyo ilijengwa kwa mkopo wa Mfuko wa Maendeleo ya Afrika, ambao ni mkono wa Benki ya Maendeleo ya Afrika iliyoko Abidjan. Ya pili ni yetu, ipandayo magharibi, ikapita milima ya Rwabunuka na kufika Bugene, mwendo wa kilomita 59 hivi. Hii Rais Magufuli aliifungua mwezi wa Novemba mwaka 2017, na fedha zake zilitoka katika hazina ya Tanzania, yaani katika kodi zetu. Wachina waliokuwapo walikuwa makandarasi walioajiriwa. Mwashi akikujengea nyumba na wewe ukamlipa ujira wake, husemi kwamba amekupa nyumba.

Basi yule wa zawadi alikosea. Na yule wa deni alikosea kwa habari ya barabara hii, lakini kama angalivuka Kyaka akakata kulia kwenda Bukoba angalikuwa amesema kweli. Abiria wa basi hawezi kuitambua tofauti hiyo, maana lami ni nyeusi kotekote.

Sasa huenda mtu akauliza: ikiwa barabara yetu imejengwa kwa kodi, ni kwa nini tukope tena? Jibu liko katika hesabu. Siku hizi kilomita moja ya lami katika milima kama yetu hugharimu zaidi ya shilingi bilioni 1. Nchi yenye kodi kidogo ikitaka kujenga kwa fedha yake peke yake hujenga polepole, kipande mwaka huu na kipande mwaka ule. Na makandarasi wasipolipwa kwa wakati huandika madai ya riba juu ya ankara zao. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali amekwisha kuieleza hasara hiyo katika taarifa zake zaidi ya mara moja. Kwa hiyo hata asiyekopa aweza kujikuta analipa riba, tena bila ya kuandikiana na mtu.

Wala kutokuwa na barabara si jambo la bure. Speke alipofika Karagwe mwaka 1861, akakaribishwa na Mfalme Rumanyika, alikuta Waarabu wana kituo chao Kafuro, na kila pembe ya ndovu iliyotoka huku ilikwenda Kazeh, yaani Tabora, na kutoka huko hata pwani, juu ya mabega ya watu. Leo hatubebi pembe, lakini ndizi zinazooza kando ya njia wakati wa masika kwa sababu lori limenasa, na mgonjwa anayeteremshwa kwa machela kutoka kitongojini, hizo nazo ni gharama. Tofauti ni kwamba hakuna karani aziandikaye.

Kukopa kwa ajili ya njia nako si jambo la leo. Mwaka 1926 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuzidhamini nchi za Afrika ya Mashariki zikope mpaka pauni milioni 10, na sehemu kubwa ilikuwa kwa reli, bandari na barabara. Baada ya uhuru, Rhodesia ya walowezi ilipojitangazia madaraka yake mwezi wa Novemba 1965, na Zambia ikakosa njia salama ya kupitishia mafuta na shaba, barabara ya udongo itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia iliharibiwa na malori hata madereva wakaiita njia ya jehanamu. Kuijenga upya kwa lami, kuanzia mwaka 1968, kulifanywa kwa mikopo ya Benki ya Dunia na ya Marekani. Na nchi za Magharibi zilipokataa kuikopesha reli, China ilikubali. Ule mkopo wa reli ya TAZARA haukuwa na riba, nao ulipewa miaka 30 ya kulipwa. Tena gharama za humu nchini, kama mishahara ya vibarua, zilipatikana kwa njia ya ajabu kidogo: China ilileta bidhaa zake, zikauzwa madukani kwetu, na shilingi zilizopatikana ndizo zilizolipia kazi. Yamkini wako wazee hapa walionunua sahani au kitambaa cha Kichina wakati ule bila ya kujua kwamba wanatandika mataruma ya reli.

Sasa nirudie neno la butura, maana ndilo lililowatia watu hofu pale ghalani. Kwa ajili ya wageni na vijana nitalieleza. Mkulima amepungukiwa; mtoto amerudishwa nyumbani kwa ada, au kuna msiba. Kahawa ingali maua mtini. Mtu mwenye fedha huja akampa shilingi kidogo, na mapatano yao ni kwamba kahawa itakapoiva ni yake mwenye fedha. Tuseme amempa mkulima shilingi 20,000 kwa debe litakaloweza kuuzwa 60,000 miezi sita baadaye. Mwalimu aandike ubaoni: katika miezi sita, kwa kila shilingi 100 aliyoitoa, amevuna 200 juu yake. Hakuna benki ulimwenguni ithubutuyo kuomba riba hiyo mchana.

Mimi mwenyewe nilisomeshwa kwa butura. Marehemu baba yangu aliiuza kahawa ya misimu miwili kwa mtu mmoja ambaye sitamtaja jina, ili nimalize shule. Nakumbuka asubuhi yule bwana alipokuja na magunia yake. Mama aliwapa wachumaji maji ya kunywa, kisha akaingia ndani akafunga mlango, kwa kuwa hakutaka kuona. Baba hakujuta, nami siwezi kusema alikosa, kwa kuwa kalamu hii niliyo nayo imetoka katika kahawa ile. Walakini tangu siku hiyo, mtu akinitajia mkopo, huuliza kwanza: mazao ni ya nani wakati wa mavuno?

Swali hilo moja lafaa kuulizwa hata kwa mikopo ya mabilioni. Chukueni ule mfuko uliojenga barabara ya Mutukula. Masharti yake ya kawaida kwa nchi maskini wakati ule yalikuwa haya: mkopo kulipwa kwa miaka 50, na katika miaka 10 ya kwanza hakilipwi kitu katika mtaji, ada ya kazi ni senti 75 kwa mwaka kwa kila shilingi 100 iliyokwisha kuchukuliwa, tena kuna nusu shilingi kwa kila 100 ambayo imetengwa lakini haijachukuliwa, ili mkopaji asikae bure wakati fedha za wenzake zinamngoja. Mkopo wa namna hii haukamati mibuni ya mtu. Zaidi ya hayo, Tanzania ilipokwisha kutimiza masharti ya mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa, mwezi wa Novemba 2001, ilisamehewa madeni mengi. Kisha mwaka 2006 yakafutwa madeni ya mfuko huo ambayo fedha zake zilikuwa zimetolewa mpaka mwisho wa 2004. Lakini msamaha wa namna hiyo hauji kila siku, nasi hatuwezi kuuweka katika hesabu za mwaka kesho.

Tena mikopo nafuu kama hiyo haitoshi, kwa hiyo nchi nyingi zimekwenda kwa wakopeshaji wa biashara, ambao miaka yao ni michache na riba yao ni kubwa. Jirani zetu wa Uganda walijenga barabara kuu mpya kutoka Kampala kwenda Entebbe, kilomita 51, ikafunguliwa mwaka 2018. Katika gharama yake ya dola milioni 476, milioni 350 zilikopwa katika benki ya Exim ya China. Tangu mwezi wa Januari 2022 kila gari lipitalo hapo hulipa ushuru langoni. Mimi naiona ni njia ya haki: mwenye haraka ya kuwahi ndege alipie haraka yake, kuliko mkulima wa Kabale asiyeijua Entebbe. Hata hivyo ushuru huo hulipwa kwa fedha ya Uganda, na deni ni la dola.

Hapo ndipo penye tundu ambalo watu wengi hawalioni. Shilingi yetu ilipoanza mwaka 1966, dola 1 ilikuwa kama shilingi 7. Mwaka 2017, wakati barabara yetu ilipofunguliwa, dola 1 ilikuwa zaidi ya shilingi 2,200. Aliyekopa dola na kupanga kulipa kwa shilingi ni kama mtu aliyekopa kwa debe, kisha akakuta debe limeongezwa ukubwa usiku. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama barabara itapitwa na magari mengi. Yafaa kuuliza kama itasaidia kuleta dola. Kahawa ya Karagwe huuzwa nje kwa dola, na maharage yetu huvuka mpaka. Barabara inayoteremsha vitu hivyo kwa wepesi husaidia kujilipia deni lake. Barabara iliyojengwa mahali kwa ajili ya fahari hulipiwa na mazao ya mahali pengine, na huenda wenye mazao hayo hawana hata karavati kijijini kwao.

Nimesema mkopo wa benki haukamati mibuni. Lakini uko mkopo ambao kwa kweli ni butura, nao uko hapo Congo. Mwaka 2008 serikali ya Congo ilipatana na makampuni ya Kichina kwamba yatajenga barabara, hospitali na mengineyo, na malipo yatatoka katika shaba na kobalti ya machimbo ya Kolwezi, ambayo wakati huo ilikuwa ingali chini ya ardhi. Katika kampuni iliyoundwa, iitwayo Sicomines, Wachina walikuwa na hisa 68 katika 100. Fedha za ujenzi zilikusudiwa kuwa dola bilioni 6, kisha zikapunguzwa kuwa bilioni 3, kwa sababu Shirika la Fedha la Kimataifa lilikataa kuisamehe Congo madeni yake ya zamani huku likiona inajitwisha mapya. Mwaka 2023 wakaguzi wa Congo wenyewe waliandika kwamba dola milioni 822 tu ndizo zilizokuwa zimetumika kwa ujenzi, na kwamba wenzao walikuwa wamepata faida kubwa zaidi. Wakadai mapatano yaangaliwe upya. Na mwezi wa Machi 2024 mapatano mapya yalitiwa sahihi, ya mpaka dola bilioni 7 kwa ujenzi, na kiasi chake kikifuata bei ya shaba.

Sitaki mtu atoke hapa akasema karani amewatukana Wachina au Wacongo. Congo ilipopatana vile ilikuwa imetoka vitani, wala hapakuwa na watu wengi mlangoni wakitaka kuikopesha. Baba yangu naye hakuwa na wengi mlangoni. Mwenye shida huuza maua. Ninalotaka mlitambue ni kwamba Wacongo waliweza kurudi mezani na kuomba bei nyingine kwa sababu walikuwa na wakaguzi waliohesabu na kuandika hadharani. Yule mwenye butura wa kwetu hakuwa na karatasi hata moja. Mapatano yote yalikuwa mdomoni, naye ndiye aliyekuwa na kumbukumbu nzuri zaidi.

Kwetu sheria ya mikopo ya Serikali ya mwaka 1974 imeweka mamlaka ya kukopa kwa niaba ya nchi mikononi mwa Waziri wa Fedha peke yake. Waziri wa barabara hawezi kwenda kukopa kwa sababu ameona njia mbaya. Tena fedha haziji katika mfuko. Makandarasi hujenga kipande, mhandisi mshauri hukipima na kutia sahihi, ndipo benki hulipa. Walimu, mkiwafundisha watoto habari hizi, waambieni kwamba ile sahihi ya mhandisi ndiyo mlango wa deni: akiupima vibaya unene wa lami, watoto hao watalipa kwa miaka 50 kitu ambacho hakikuwekwa.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo mimi naliona ni zito kuliko riba. Deni laweza kuwa la miaka 50, lakini lami yenyewe hufanyiwa hesabu ya kudumu miaka 15 au 20 kabla ya kuhitaji kufanywa upya. Maji yakisimama juu yake, haifiki hata huko. Zamani nchi nzima ilipata somo hili kwa uchungu: barabara zilizojengwa kwa mikopo baada ya uhuru ziliachwa bila matengenezo, hata ilipofika mwaka 1990 ikabidi kukopa tena katika mpango mkubwa wa kuzifufua. Tulikopa kwa kujenga, kisha tukakopa kwa kuwa hatukufagia. Ndiyo sababu sheria ikarekebishwa mwaka 1998, ukawekwa Mfuko wa Barabara, ujazwao na tozo katika kila lita ya petroli na dizeli. Na angalau 90 katika kila 100 za mfuko huo hazina ruhusa ya kutumika isipokuwa kwa matengenezo. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya njia za vijijini na mijini zilizo chini ya TARURA. Kwa hiyo kijana wa bodaboda anayetia lita moja pale njia panda amekwisha kulipa fungu lake. Ana haki ya kuuliza greda liko wapi.

Lakini naye mwenye lori aulizwe. Wamarekani walifanya majaribio huko Illinois kuanzia mwaka 1958, wakiyapitisha malori juu ya barabara za kujaribia usiku na mchana kwa miaka miwili. Waliona kwamba ekseli iliyobeba mzigo mara mbili haiharibu lami mara mbili. Huiharibu kama mara 16. Mwalimu anijulie radhi, ni mbili mara mbili mara mbili mara mbili. Sheria ya Afrika Mashariki ya uzito wa magari, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwezi wa Machi 2019, imeweka mwisho wa tani 56 kwa gari lote hata likiwa na ekseli nyingi. Dereva akwepaye mizani usiku, akishangiliwa na wenye mzigo, anaichukua lami ya kesho akaiuza leo. Hiyo nayo ni butura, na mwenye shamba hayupo.

Kuhusu mambo yaliyo mikononi mwetu hapa Nyabiyonza nitasema machache, maana Bwana Mtendaji ataeleza mwenyewe. Mitaro iliyo kando ya njia imezibwa mahali pengine kwa mabua na majani ya migomba, na mahali pengine mtu ameijaza udongo ili pikipiki yake ipite kuingia nyumbani. Maji ya Novemba yakikosa mtaro hupita juu. Aliye na mlango unaovuka mtaro na aweke bomba au magogo, wala asijaze udongo. Nimekwisha kuziandika sehemu hizo, nazo ni tisa. Karatasi iko mezani kwa Mwenyekiti, na majina ya wenye nyumba sikuyaandika.

Sasa nitajibu maswali, nikianza na yule mzee aliyenyosha mkono tangu nilipotaja Kolwezi.